Msiikate Mkia Namba Yetu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika jarida letu wenzangu huandika kuhusu nidhamu, karo, dawa za kulevya na mapenzi ya shuleni. Mada hizo ni muhimu, sikatai. Lakini mwaka huu mimi nimeamua kuandika kuhusu namba moja tu. Najua kuna watakaofunua ukurasa upesi wakisema, "Ala! Hesabu hata katika Chama cha Kiswahili?" Ngoja kwanza. Namba hii si ya mtihani. Bila shaka wewe mwenyewe umo ndani yake.

Namba yenyewe ni 47,564,296. Itamke kwa Kiswahili uone inavyojaza kinywa: milioni arobaini na saba, elfu mia tano sitini na nne, mia mbili tisini na sita. Ndiyo idadi ya watu waliohesabiwa nchini Kenya katika sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Ilitangazwa tarehe 4 Novemba mwaka huo huo. Katika sensa ya kabla ya hiyo, ya mwaka 2009, walihesabiwa watu 38,610,097.

Makala haya yalianza na kicheko. Siku moja katika kipindi cha Jiografia tuliulizwa Kenya ina watu wangapi kulingana na sensa ya mwisho. Rafiki yangu ninayeketi naye akajibu haraka, "Milioni arobaini na saba na kitu." Jibu likakubaliwa, tukaendelea na mengine. Mimi nikanyosha mkono nikauliza, "Hicho 'kitu' ni nini?" Darasa zima likaangua kicheko. Nilikaa chini nimeona haya, lakini swali halikuniacha. Jioni nilikaa nikalifanyia kazi, na sasa nawaletea jibu.

Hicho "kitu" ni watu 564,296. Kwa wale wasiojua ukubwa wake, hebu tutazame kwetu hapa magharibi mwa jiji. Kaunti ndogo ya Dagoretti, yaani Kawangware, Riruta, Waithaka, Mutu-ini na majirani zao, ilihesabiwa kuwa na watu 434,208. Basi ukisema "milioni arobaini na saba" na kunyamaza, umeifuta Dagoretti nzima pamoja na watu wengine 130,088. Tazama msongamano wa Kawangware saa kumi na mbili jioni, halafu uniambie kama hicho ni "kitu".

Kuna wajanja watakaosema kwamba kanuni ya kukadiria inatutaka tuandike milioni 48. Vyema. Hapo umeongeza watu 435,704 ambao hawapo. Yaani umeumba Dagoretti nyingine ya mizimu, ukaongeza na watu 1,496 juu yake! Na ukiandika milioni 47.6 kama vitabu vingi vinavyofanya, bado umeongeza watu 35,704 wasio na jina wala nyumba. Kukadiria ni kukata mkia wa namba, na katika namba hii mkia una roho za watu.

Sasa twende ndani ya namba yenyewe, maana ukiifungua utakuta ina tabia zake kama mtu. Kiswahili kina majina mazuri ya namba, ila hapa kwetu hatuyatumii. Namba inayogawanyika kwa 2 huitwa shufwa, na isiyogawanyika kwa 2 huitwa witiri. Namba isiyo na kigawo kingine ila 1 na yenyewe huitwa tasa, kama vile 2, 3, 5, 7 na 11. Waliochagua neno "tasa" waliona mbali, kwani namba hiyo haikuzaliwa na kuzidisha namba nyingine ndogo.

Nilianza kuigawa 47,564,296 Jumamosi moja nikiwa ndani ya matatu ya 46, nikimpelekea Baba ufunguo kazini kwake mjini. Baba ni askari wa usiku katika jumba moja katikati ya jiji, na siku hiyo alikuwa amebaki kushika zamu ya mwenzake. Kwenye Barabara ya Valley gari zilikuwa zimesimama kabisa. Nikatoa daftari. Tarakimu tatu za mwisho ni 296, nazo zinagawanyika kwa 8, kwa hivyo namba nzima inagawanyika kwa 8. Nikapata 5,945,537. Nikajaribu 3, ikakataa. 5, 7 na 11 zikakataa pia. Nikajaribu 13, ikakubali! Nikapata 457,349. Nikaijaribu 19, ikakubali tena, nikabaki na 24,071.

Makanga alikuwa akichungulia daftari langu. Akaniuliza, "Kijana, hiyo ni simu ya nani?"

Nikamjibu, "Hiyo ni sisi sote."

Akacheka sana. "Mimi hesabu yangu ni kumi na wanne tu. Wakizidi, polisi. Wakipungua, tajiri."

Hiyo 24,071 ilinisumbua mpaka usiku. Nilirudi nyumbani nikaijaribu kwa kila namba tasa kuanzia 2 hadi 151. Hizo ni tasa 36. Zote zilikataa. Hakuna haja ya kwenda mbele, kwa sababu tasa inayofuata ni 157, na 157 ikizidishwa kwa 157 ni 24,649, ambayo imeshaipita 24,071. Basi nikajua kuwa 24,071 ni tasa. Kwa hivyo:

47,564,296 = 2 × 2 × 2 × 13 × 19 × 24,071

Huo ndio uti wa mgongo wa namba yetu. Kutokana na hizo unaweza kuunda vigawo 32, kuanzia 1 hadi namba yenyewe.

Wagiriki wa kale walikuwa na njia moja ya kuzipanga namba ambayo ilinivutia sana. Nicomachus wa Gerasa aliiandika yapata mwaka 100 baada ya Kristo. Unachukua vigawo vyote vya namba, unaiacha namba yenyewe, kisha unavijumlisha. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6 barabara. Namba kama hiyo tuiite timilifu. Nyingine ni 28, 496 na 8,128, nazo ni adimu. Jumla ikiwa ndogo kuliko namba, tuiite namba pungufu. Kwa mfano, 46 ya matatu yetu ni pungufu, maana 1, 2 na 23 hufanya 26 tu. Jumla ikizidi, tuiite namba tele, kama vile 12, ambayo vigawo vyake hufanya 16.

Je, namba ya Kenya iko wapi? Nilijumlisha vigawo 31, nikaiacha namba yenyewe, nikapata 53,538,104. Imezidi kwa 5,973,808. Namba yetu ni tele! Nicomachus alifananisha namba tele na mnyama mwenye viungo kupita kiasi, kana kwamba ni kasoro. Mimi sikubaliani naye. Kwetu, nyumba yenye watoto wengi husemwa ina baraka, hata kama ugali ni mdogo.

Nairobi peke yake ilihesabiwa kuwa na watu 4,397,073. Hiyo ni witiri. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 33, kwa hivyo 3 inaigawa. Baada ya 3 niliijaribu kwa kila tasa hadi 59, hakuna iliyokubali. Vigawo vyake vyote pamoja haviwezi kuifikia. Nairobi ni pungufu. Dagoretti yetu, 434,208, inagawanyika kwa 6, na kila namba inayogawanyika kwa 6, ikiwa kubwa kuliko 6, huwa tele. Sasa mkisikia mtu wa Westlands akitudharau, mna jibu!

Huo ulikuwa mzaha. Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka 2019 nilikuwa shule ya msingi. Karani wa sensa alipofika kwetu alikuwa na kishikwambi badala ya karatasi, sisi watoto tukamzunguka kukitazama. Aliuliza, "Waliolala hapa usiku ule ni wangapi?" Mama akasema watano. Karani akatuhesabu, akapata wanne. Mama akamwambia, "Wa tano ni mume wangu. Usiku huo alikuwa kazini, ni soja mjini." Karani akasita. Akauliza kama hatahesabiwa huko alikolala. Mama akasimama mlangoni, akasema, "Huko halali, analinda. Mtu wa hapa ahesabiwe hapa. Mwandike." Karani akakumbuka kuwa wanaofanya kazi za usiku huandikwa nyumbani kwao, akamwandika. Asubuhi Baba alipoambiwa alicheka tu. Alisema, "Kwani mngeniacha, nani angejua? Katika mamilioni hayo, mimi ni mmoja tu."

Jumamosi ile nilipomfikia kazini nilimkuta na daftari lake la zamu mbele yake. Kila gari linaloingia analiandika, na kila linalotoka anaweka alama. Asubuhi jumla lazima ilingane. Likikosekana gari moja, hakuna kulala. Nikamuuliza, "Baba, ukipoteza gari moja si ni moja tu?" Akanitazama kama mtu aliyeniona nikianza kuvuta sigara. "Moja tu? Hilo moja ni la mtu!"

Basi nilipomaliza kuigawa namba ile, nilijaribu jambo moja. Nilimtoa Baba. Nikaandika 47,564,295. Loo! Namba ikageuka kabisa. Ilikuwa shufwa, ikawa witiri. 8 ikatoka, 13 ikatoka, 19 ikatoka, hata ile 24,071 ikatoka. Zikaingia 3 na 5, namba ambazo hazikuwamo. Nilizijaribu 7, 11, 13, 17, 19 na 23, zote zikakataa, na hizo kubwa zaidi hazina nguvu ya kuiinua. Namba iliyokuwa tele ikawa pungufu. Wala si ajabu, kwa maana namba mbili zinazofuatana hazishiriki kigawo chochote isipokuwa 1. Kati ya vigawo 32 vya namba yetu, akiondoka mtu mmoja, 31 humfuata. Hubaki 1 peke yake.

Huu si muujiza, na sisemi kwamba namba tele huleta mvua. Hata 8 na 9 ziko hivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba namba nzima, hata iwe kubwa namna gani, imejengwa kwa moja moja. Haba na haba hujaza kibaba, na ukitoa haba moja, kibaba si kile tena. Jicho letu ndilo linaloona 47,564,296 na 47,564,295 kama pacha. Hesabu haioni hivyo.

Kuna sababu nyingine mbili za kutaka mkia uachwe.

Ya kwanza ni ugawaji. Idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vinavyotumika kugawa pesa kwa kaunti 47, na Katiba ya 2010 inataka mipaka ya maeneo-bunge 290 ifuate idadi ya watu. Nilijaribu kuwagawa watu wa Kenya sawasawa katika kaunti 47. Kila kaunti ingepata watu 1,012,006 na wangebaki watu 14. Kumi na wanne! Yaani matatu moja iliyojaa, haina kaunti ya kwenda. Nilimkumbuka yule makanga. Ukikadiria, hao 14 huwaoni kabisa. Ukiandika namba nzima, unawaona wameketi wakisubiri, na unalazimika kuuliza, "Hawa je?" Haki huanza na swali hilo.

Ya pili ni watu wachache. Katika sensa ya 2019 walihesabiwa wanaume 23,548,056 na wanawake 24,014,716. Ukijumlisha hao utapata 47,562,772. Haifiki! Wamepungua 1,524. Hao ni watu huntha, waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume tu wala ya kike tu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuhesabiwa peke yao katika sensa ya Kenya. Zamani walilazimishwa kuingia safu moja au nyingine. Sasa tazama: ukiandika milioni 47.6, watu hao 1,524 wanamezwa kabisa ndani ya makadirio. Ukiandika namba nzima, bila wao hesabu haitimii, na mwanafunzi yeyote mwenye kalamu anaweza kuligundua pengo lao.

Rafiki yangu yule wa "na kitu" alinipinga, na hoja yake si ya kudharau. Alisema, "Lakini si usiku ule kuna watoto walizaliwa na wazee waliokufa? Na kuna watu waliofichwa ama waliorukwa. Hiyo 296 ya mwisho ni ya uongo tu." Ni kweli kwamba sensa hukosea. Mwaka 2010, matokeo ya sensa ya 2009 yalipotangazwa, serikali yenyewe ilisema ina shaka na hesabu ya wilaya 8 za kaskazini, na mabishano yakafika mahakamani. Lakini dawa ya kosa si kulifunika. Mimi nilichukua idadi za kaunti ndogo zote 11 za jiji letu, kuanzia Dagoretti hadi Westlands, nikazijumlisha moja moja. Nilipata 4,397,073, ile ile iliyotangazwa. Kama zingekuwa zimekadiriwa, ningezikagua vipi? Kosa katika namba nzima hushikwa. Kosa katika "na kitu" halishikwi kamwe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Watu je?

Kwa hayo basi, nina maombi matatu.

Walimu wetu wapendwa, mnapotufundisha kukadiria, na kukadiria kuna kazi yake, tafadhali andikeni kwanza namba nzima ubaoni. Tuone tunachokata kabla hatujakata.

Wanafunzi wenzangu, tuache kuogopa namba kwa sababu ni ndefu. Namba ndefu ni kama shina la mti kwa mpasua kuni: tafuta pa kuingizia shoka. Jaribu 2, jaribu 3, jaribu 5, endelea. Mwanzoni nilidhani hii ni kazi ya vikokotoo, kumbe ilitaka foleni ya Barabara ya Valley na kalamu ya Bic tu.

Na chama chetu cha Kiswahili, tuyatumie majina yetu: shufwa, witiri, tasa, kigawo, timilifu, pungufu, tele. Shirika la Kitaifa la Takwimu limekuwa kwa miaka mingi na ofisi katika jumba lililo katikati ya jiji, na jumba hilo linaitwa Herufi House. Naona hilo si la kupita bure. Kama wenye namba wanaweza kukaa nyumba ya herufi, kwa nini sisi wa herufi tuzifukuze namba?

Sensa yetu hufanywa kila baada ya miaka kumi, na inayofuata ni ya 2029. Wakati huo nitakuwa nimemaliza shule. Nikijaliwa ningependa kuwa karani. Nitakapofika kwenye mlango na kuambiwa, "Mwingine yuko kazini, lakini muache, ni mmoja tu," nitajua la kufanya.

Juzi nilimsomea Baba makala haya kabla hajaondoka kwenda zamu. Alinyamaza muda, akafunga kamba za viatu, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo bila mimi ingekuwa witiri?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Baba. Na pungufu."

Akachukua tochi yake akatoka. Mama ananiambia alimsikia akilirudia neno hilo njiani.

Naweka kalamu chini.